Joto Ndani ya Gunia

Usiku ule nilinyoosha mkono gizani kutafuta kitenge changu, kiganja kikatua juu ya gunia la mahindi lililoegemezwa ukutani karibu na kitanda. Gunia lilikuwa na joto. Jua lilikuwa limezama saa nyingi, na moto wa jikoni ulikuwa umekwisha kuzimwa. Nikalegeza kamba, nikazamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kadiri nilivyozamisha ndivyo joto lilivyozidi, na punje za katikati zilininata vidoleni kama kitu kilichopumuliwa. Nikamwamsha mama.

"Mama, mahindi haya yana homa."

"Ni mapya hayo, mwanangu. Yatatulia. Lala."

Ilikuwa Julai 2018, nyumbani kwetu Mangina, kilomita 30 hivi magharibi ya mji wa Beni. Nilikuwa nimeshuka kutoka Butembo, nilikokuwa nasomea kilimo, ili nimsaidie mama kuvuna. Nasema kushuka kwa sababu Butembo iko juu milimani, kwenye baridi, na Mangina iko chini kwenye joto, pale mashamba yanapoanza kugusana na msitu wa kuelekea Mambasa. Ardhi yetu haina choyo. Inatupa kakao, mawese, mpunga, ndizi, karanga, muhogo, na mahindi mara mbili kwa mwaka. Kinachotupungukia ni jua la kuaminika. Hata katika miezi tunayoiita ya kiangazi, wingu hutokea adhuhuri likamwaga maji juu ya kila kilichoanikwa.

Lakini mwaka ule kulikuwa na jambo zito kuliko mvua. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kufuatana wilayani Beni, shamba la mbali limekuwa mahali pa kwenda roho ikiwa juu. Mama alikuwa na utaratibu wake. Tusiingie shambani kabla hatujatazama kama nyasi za njiani zimekanyagwa. Tusibaki baada ya saa nane mchana. Na mbwa akibweka upande wa msitu, kila mtu aangushe alichobeba.

Bibi yangu, enzi zake, aliyaacha mahindi yakaukie kwenye mabua mpaka majani yawe rangi ya karatasi kuukuu na hindi liiname lenyewe kutazama chini. Halafu aliyaning'iniza darini juu ya mafiga, moshi ukayapitia kila siku. Sisi hatukuwa na muda huo. Tuliyavunja yakiwa na majani mabichi, tukayarundika juu ya udongo, tukayabeba kwa siku tatu. Siku ya tatu uvumi ulifika kwamba watu wameonekana upande wa pili wa mto. Usiku huo huo tukayapukuchua kwa taa ya simu, tukayamimina katika magunia ya plastiki, tukayafunga, tukayaingiza chumbani. Ghala la nje mtu hulivunja, mama alisema, lakini chumbani hawezi kuingia bila kutuamsha. Tuliyaficha mahindi kama mtu anavyoficha fedha, yakiwa bado yanapumua maji.

Baada ya majuma mawili tulifungua. Yalikuwa yameshikana mabonge. Punje nyingine zilikuwa na vumbi la kijani linaloelekea umanjano, nyingine zilikuwa nyeusi kwenye ncha. Mama akafanya kile ambacho nimewaona akina mama wote wa kwetu wakifanya tangu nipate akili: akagawa mafungu matatu. Punje nzuri zinazong'aa zilikuwa za kuuza, zipande Butembo. Za katikati zilikuwa zetu, kwa bugali. Mbovu kabisa alipelekewa mama jirani anayetengeneza pombe, na kiasi kilichobaki kikapondwa kuwa chakula cha bata. Utoto wangu wote niliyatazama mafungu hayo matatu nikayaita busara. Kwetu hakuna kinachotupwa.

Mama alikuwa na vifaranga vya bata kumi na kimoja. Ndani ya siku chache viliacha kula, vikawa vinayumba, miguu ikikataa kuvibeba, kisha vikaanza kufa, viwili asubuhi, vitatu jioni. Kuku wakubwa walikula chakula hicho hicho, wakabaki wazima. Mama alishuku jicho baya la mtu fulani, halafu akashuku ugonjwa wa upepo. Mimi, mwanafunzi wa kilimo, nilisaidia kuchimba shimo la kuvizika, nikanawa mikono, nikaingia ndani kula bugali wa fungu la pili.

Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuwaza bata kwa muda mrefu. Tarehe 1 Agosti 2018 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba Ebola iko kwetu, hapa Mangina, katika eneo la afya la Mabalako. Jina la mji wetu, ambalo watu wa Kinshasa hawakulijua, likasomwa kwenye redio za dunia. Mlipuko huo ulikuja kutangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020. Kufikia hapo watu zaidi ya 3,400 walikuwa wameugua katika Kivu Kaskazini, Ituri na Kivu Kusini, na zaidi ya 2,200 walikuwa wamefariki. Tulijifunza kunawa maji ya klorini, kusimama kizuizini na kupimwa joto kwenye paji la uso, na kumzika mpendwa bila kumgusa.

Katika siku hizo za kukaa ndani nilifungua daftari langu la chuo. Nikakuta ukurasa ulioandikwa kwa mwandiko wangu mwenyewe, kwa Kifaransa, neno kwa neno kama mwalimu alivyolitamka: aflatoksini, sumu inayotengenezwa hasa na kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Chini yake nilikuwa nimeorodhesha aina zake kuu nne, B1, B2, G1 na G2, zilizopewa herufi hizo kwa kuwa chini ya mwanga wa urujuanimno mbili hung'aa buluu na mbili kijani. Na chini kabisa, kwa wino mwekundu wa kujiandaa kwa mtihani, nilikuwa nimeandika: mnyama anayeathirika upesi kuliko karibu wote ni kifaranga cha bata.

Nilikaa na daftari lile mapajani muda mrefu. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani, nikapata alama nzuri. Nilikuwa nimelijibu kwa lugha ambayo mama hawezi kuniuliza swali ndani yake, na kwa sababu hiyo sikuwahi kumwambia. Elimu yangu ilikuwa imekaa chumba kimoja na gunia lile, na haikulitambua.

Nilianza kusoma upya, safari hii nikiwatafuta bata wa mama. Nikakuta kwamba sumu hii yenyewe ilijulikana kupitia ndege wa kufugwa. Mwaka 1960, Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa ugonjwa uliokosa jina. Mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil ndiyo yaliyoshukiwa. Watafiti walipoendelea, walimpata kuvu huyo kwenye karanga zenye sumu kali zilizotoka Uganda, ng'ambo tu ya Ruwenzori yetu. Kwa hiyo chanzo cha elimu hii yote kiko jirani na sisi. Kilikwenda Ulaya ndani ya gunia, kikaandikwa huko, kikarudi kwetu ndani ya daftari.

Nikasoma pia habari za Kenya, na hizo ndizo zilizoninyima usingizi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua, 125 wakafa, macho yamegeuka manjano na matumbo yamejaa maji. Mahindi yalikuwa yamevunwa wakati wa mvua zisizo na msimu. Kwa kuwa njaa ilikuwa imeingia na watu waliogopa wezi, wengi hawakuyaweka ghalani. Waliyaingiza ndani ya nyumba, yakiwa mabichi. Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Chumba chetu, gunia letu, na hofu yetu vilikuwa vimeandikwa kwa majina ya watu wengine. Mwaka 2016 jambo hilo lilitokea Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua, 20 wakafa.

Kwetu sijaona kifo cha ghafla cha namna hiyo, na pengine ndiyo maana hatulitaji jambo hili. Sumu ikija kwa wingi inaua ini kwa siku chache. Ikija kidogo kidogo, mlo baada ya mlo, inafanya kazi kimya. Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa limeiweka katika kundi la kwanza la vitu vinavyomletea binadamu saratani. Na mtu mwenye virusi vya hepatitisi B akiila, hatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi kuliko ile ya kila kimoja peke yake. Mwaka 2002 ilichapishwa kazi ya watafiti waliopima damu ya watoto 480 wa Benin na Togo. Alama ya sumu hii ilipatikana kwa watoto 99 katika kila mia, na waliokuwa nayo zaidi walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Niliposoma hivyo niliwakumbuka wadogo zangu, na watoto wa mtaa wetu ambao umri wao mgeni hukosea kila mara akiukisia kwa kimo.

Ilinibidi nimwambie mama. Nilijaribu kwa neno la Kifaransa, akaniangalia kwa huruma, kama anavyomwangalia mtu wa shirika aliyekuja na karatasi. Ndipo nikakumbuka neno ambalo Watanzania wamelitunga: sumukuvu. Nikalitamka mara moja. Mama akalirudia polepole, akiligawa mwenyewe: "Sumu. Kuvu." Kisha akauliza swali ambalo mtihani haukuniuliza: "Kwa hiyo bata wangu hawakulogwa?"

Hakuna aliyewapasua bata wale kutazama ini lao. Lakini nilimwambia ninachoamini: kwamba tuliwalisha sisi wenyewe.

Maswali yake yaliyofuata yalikuwa ya mtu anayepika. Je, nikichemsha sana? Hapana, mama. Maji ya bugali yakichemka hufikia nyuzi 100, na sumu hii huhitaji zaidi ya 200 ndipo ivunjike. Je, nikiosha ukungu ukatoka? Kuvu anaweza kuondoka, sumu ikabaki ndani ya punje. Je, zile za katikati, zisizo na ukungu? Punje inaweza kuonekana safi nayo imebeba. Kuchagua kunapunguza sana, kukoboa ganda kunapunguza, lakini punje zikishaingia kwenye mashine ya kusaga, unga unaficha kila kitu na kukigawa sawasawa kwa watoto wote. Na zile za pombe? Pombe ya kienyeji isiyochujwa inaibeba sumu. Ng'ombe na mbuzi nao wakiila, sehemu yake hutoka kwenye maziwa.

Kipimo chenyewe kinatisha. Kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu ni mwanachama wake kamili tangu Julai 2022, ni sehemu 10 katika bilioni. Gramu moja ya sumu ikisambaa katika malori kumi yenye tani kumi kumi, malori yote yamefika mpakani mwa ruhusa. Hakuna jicho wala ulimi wa kuipima hiyo.

Mama alinyamaza. Halafu akasema neno ambalo limebadilisha namna ninavyoifikiria kazi yangu: "Mbona kakao hatuifanyii hivyo?"

Mtu asiyepita kwetu hataelewa uzito wa swali hilo. Msimu wa kakao, kando ya barabara ya Mangina utaona bashi, yaani maturubai, zimetandikwa nyumba hadi nyumba, punje zimesambazwa kwa unene wa kidole, mtoto amekaa pembeni akizigeuza na kufukuza kuku, na wingu likitokea mtaa mzima hukimbia kukunja. Hakuna anayeanika kakao juu ya udongo. Hakuna anayeifunga gunia ikiwa na maji. Kwa nini? Kwa sababu mnunuzi atakuja. Ataingiza mkono ndani ya gunia, atapasua punje na kuinusa, na akikuta ukungu atakata bei au atakwenda zake. Kakao hiyo itasafiri hadi nchi ambazo hatutazifikia, iliwe na watoto ambao hatutawaona. Mahindi yetu tuliyalaza kwenye udongo bashi ikiwa imekunjwa uvunguni mwa kitanda, ikitunzwa isichakae kabla ya msimu wa kakao.

Mikono ilikuwa ile ile, na ujuzi ulikuwa ule ule. Tulijua kukausha. Tulichokosa ni mtu wa kuingiza mkono ndani ya gunia kwa niaba ya mtoto wetu. Nadhani hilo ndilo somo kubwa nililolipata katika miaka yote niliyosomea kilimo, na lilitoka kwa mwanamke aliyeacha shule darasa la nne. Tumezoea kusema wakulima hawajui. Mama alijua. Alikuwa amefundishwa na soko miaka mingi kwamba kizuri ni cha mwingine, na kinachobaki ndicho cha nyumbani.

Msimu uliofuata tulianza na chupa. Kipimo cha unyevu cha kisasa ni ghali, lakini chupa ya kioo kavu na chumvi kavu kila nyumba inavyo. Unatia vijiko viwili vitatu vya chumvi, unaongeza mahindi mpaka theluthi ya chupa, unaifunga, unaitikisa kwa dakika moja, unaiacha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi yana unyevu uliopita 15 kwa mia, hayajafaa kufungwa. Ikianguka yote chini, yamekaribia. Tunayarudisha juani siku moja zaidi ili tufike 13, kiwango ambacho kuvu hapati maji ya kuishi. Mama aliipenda chupa hiyo kwa sababu haikumwomba aamini mtu yeyote. Aliitikisa mwenyewe, akaona mwenyewe.

Hapo nilielewa jambo jingine tulilopitia. Wakati wa Ebola magari mengi yalikuja na amri nyingi, na watu wengi wa kwetu walikataa, wengine kwa mawe. Waliozilainisha nyoyo walikuwa wenyeji wenyewe, hasa waliopona, walipoingia kuwalea watoto wachanga wa wagonjwa na kurudi nyumbani wazima. Kitu kisichoonekana hakiaminiki kwa kutangazwa. Kinahitaji mtu anayejulikana mtaani, na ishara ambayo jicho linaweza kuishika. Ndiyo maana sikwenda kwa majirani na hotuba. Mama alikwenda na chupa. Ilipita jikoni moja hadi nyingine, na katika nyumba nyingi chumvi iligandia kioo.

Swali gumu lilibaki moja, na sitaki kulipunguza. Mbovu ziende wapi? Bata wasile, pombe isitengenezwe, soko lisiuziwe. Mama jirani, mwenye watoto sita na shamba asiloweza kulifikia, aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwanangu, unaniambia nitupe chakula?" Sikuwa na jibu linalolingana na macho yake. Kumwambia mwenye njaa atupe ni rahisi kwa aliyeshiba. Mama ndiye aliyemjibu, taratibu, kwa Kinande, na maana ya maneno yake ilikuwa hii: kutupa kunauma, kwa hiyo tufanye kazi mapema ili siku ya kuchagua kusiwe na cha kutupa.

Na kazi hiyo ya mapema tunaijua hatua kwa hatua. Hindi likivunjwa lisiguse udongo, kwa sababu kuvu anaishi humo. Lililotobolewa na wadudu lipukuchuliwe peke yake. Bashi itandikwe. Gunia liwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Mifuko isiyopitisha hewa inasaidia, lakini kwa nafaka iliyokauka tu, kwani kuifungia mbichi ni kuipikia kuvu. Bugali tuchanganye na vyakula vingine, viazi, ndizi, maharage, tusiwe na sahani ya namna moja mwaka mzima. Na mtoto amalize chanjo zake zote, maana ya hepatitisi B imo ndani ya zile anazopewa akiwa mchanga. Kule Nigeria, Kenya na Tanzania wakulima wameanza kumwaga shambani kuvu asiye na sumu ili amnyime nafasi mwenye sumu. Natamani siku hiyo ifike Beni.

Ila kuna sehemu ya kazi ambayo haimo mikononi mwa mama, nami sitamtwika. Mahindi yanahitaji majuma mawili matatu zaidi kwenye mabua, na siku kadhaa za jua. Amani ndiyo inayotoa majuma hayo. Mkulima anayevuna akitazama msitu atavuna mabichi hata akijua kila nilichoandika hapa. Tunapohesabu waliokufa kwa silaha wilayani Beni, tuwakumbuke pia watoto ambao vita imewafikia kupitia sahani. Anayelinda barabara ya shamba analinda ini la mtoto. Afya na usalama vinahesabiwa katika ofisi mbili tofauti, lakini kwetu vinakutana ndani ya gunia moja.

Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani, mama alikuwa ameuza kakao akanunua bashi ya pili, ya buluu, nene. Ilikuwa imetandikwa uani, mahindi yamesambazwa juu yake kwa unene wa kidole, na mdogo wangu wa mwisho ameketi pembeni na kijiti akifukuza kuku. Mnunuzi mmoja alisimamisha pikipiki, akaisifu bashi, akauliza kakao itakauka lini.

"Hii si ya kakao," mama alimwambia. "Hii ni ya wanangu."

Kisha akainama, akaingiza mkono katikati ya mahindi, akaushikilia humo kitambo, kama wanunuzi wanavyofanya.